Waliokosa kwa Udhuru

Jumanne, 4 Machi

Ndugu Fundi,

YAH: KUJITATHMINI KWA CHAMA

Salamu. Anwani yako nimepewa na mama anayeuza vifungo na zipu pale kona ya soko. Namba yako ya simu ya zamani siku hizi anapokea mwanamume mmoja mkali. Nimempigia mara mbili, ya tatu nikaona nisimpe sababu ya kunitukana.

Naandika kikazi. Makao makuu yameagiza kila tawi la chama lijaze Fomu ya Kujitathmini, kurasa kumi na moja, na kuirudisha kabla ya tarehe 31 Mei. Tawi litakalokuwa chini ya wanachama kumi na wawili siku hiyo litarudisha hati ya usajili na kufungwa. Sisi tumebaki wanane. Wakati wako tulikuwa thelathini na mmoja na wengine walikaa madirishani. Sasa tunakaa upande mmoja wa ukumbi, upande wa pili mwenye jengo ameweka mifuko ya saruji.

Wengi wa hao wanane unawafahamu. Mwenyekiti ni yule dereva wa basi, amestaafu, ila watu bado wanamwita Dereva. Mhazini ni Mama Dawa, na duka lake la dawa liko palepale. Mimi bado ni katibu. Miaka kumi na tisa sijakosa kikao hata kimoja.

Sehemu ya nne ya fomu inataka maelezo ya watu waliotoka, kwa maneno yao wenyewe. Maswali ni haya: ulijiunga lini, nini kilikuvutia, ulitoa huduma gani, kwa nini uliacha, na nini kingekurudisha. Jibu kwa ufupi, nafasi ni ndogo.

Pole kwa msiba wako wa wakati ule. Tulipopata habari jina lako lilikuwa limeshatolewa kwenye orodha, kwa hiyo halikuwa tena jambo la chama.

Nasema kweli, chama kikifungwa sijui Alhamisi zangu nitazipeleka wapi. Hilo halimo kwenye fomu.

Nyumbani kumetulia.

Wako katika huduma,
Katibu


Alhamisi, 13 Machi

Katibu,

Barua imefika. Imepigwa chapa, imenyooka, hata nukta hazikukosea njia. Nimeisoma mara mbili nikikutafuta humo ndani, nikakukuta mwishoni kabisa, umesimama na Alhamisi zako mkononi hujui pa kuziweka. Basi nikasema nikujibu, ingawa nilikuwa nimeshaiweka chini ya sufuria.

Swali la kwanza. Nilijiunga siku uliponiletea dukani kitambaa cha suti ya mzee, mumeo. Kabla sijamaliza kuandika vipimo ukaniuliza, "Fundi, Alhamisi jioni huwa uko wapi?" Nikakwambia niko hapahapa. Ukasema, "Basi kuanzia wiki hii hupo hapa."

La pili. Kilichonivutia ni wewe. Watu wazima hatupati marafiki kirahisi, tunapata wateja.

La tatu. Nilishona mashati thelathini na moja ya chama, ya buluu, nembo mfukoni. Nilipiga msasa benchi za hospitali mpaka kucha zikaisha. Niligawa sabuni wodini kila Alhamisi ya pili ya mwezi.

La nne. Sikuacha, mlinifuta. Fungua kumbukumbu za tarehe 12 Juni, mwaka ule. Mwandiko ni wako.

La tano limenichekesha, kwa hiyo naliruka.

Nikwambie kitu, Katibu. Nimepima watu miaka arobaini. Mtu ukimzungushia futi kiunoni anavuta tumbo ndani. Ukimshonea kwa kipimo hicho nguo inambana, halafu anamlaumu fundi. Sasa ninyi mmepewa futi mjipime wenyewe. Nyani haoni kundule, mama.

Msalimie mzee. Mwambie suruali yake ya kaki niliipunguza miguu kama alivyotaka, na nilimwambia atajuta. Bado anafungulia redio mtaa mzima usikie taarifa ya habari?

Mimi nipo kwa binti yangu mdogo. Macho yamepungua, uzi natungiwa.

Fundi


Jumanne, 18 Machi

Kwa Katibu wa Tawi,

Rasimu yenu ya Fomu ya Kujitathmini tumeipokea. Tunapongeza unadhifu wake.

Hata hivyo, kwenye "Nguvu za Tawi" mmejaza kurasa mbili, na kwenye "Udhaifu wa Tawi" mmeandika mstari mmoja, kwamba udhaifu wenu ni upungufu wa watu. Upungufu wa watu ni matokeo, Ndugu Katibu, tunataka chanzo. Kwa sasa mna alama 41 kati ya 100.

Kuhusu idadi, mwanachama wa zamani akikubali kwa maandishi jina lake lirudishwe, anahesabiwa kuanzia siku hiyohiyo, hata akiwa anaishi mbali. Matawi mengine yameokoka kwa njia hiyo. Mnahitaji majina manne tu.

Wenu,
Afisa wa Uanachama
Makao Makuu


Jumanne, 25 Machi

Ndugu Fundi,

Nimefungua jalada. Kumbukumbu za Alhamisi, 12 Juni, zinasema hivi: "Waliohudhuria: 28. Waliokosa kwa udhuru: 2. Waliokosa bila udhuru: 1 (Fundi)." Tarehe 19 Juni ni hivyohivyo, na tarehe 26. Tarehe 3 Julai imeandikwa: "Kwa kuwa mwanachama amekosa vikao vitatu bila udhuru, imeamuliwa jina lifutwe." Sikuongeza neno wala sikupunguza.

Kanuni ya nane unaijua, tuliipitisha wote, na wewe ulinyoosha mkono. Aliyetoa udhuru hutembelewa na kamati nyumbani kwake Alhamisi inayofuata. Asiyetoa hatembelewi, na zikifika tatu anafutwa. Ungetuma hata mtu na kikaratasi tungekuja kwako na viti vyetu, kama tulivyokwenda kwa wengine.

Tena siku ile nilikuona hospitalini kwa macho yangu kabla ya kikao. Ulikuwa na shati lako, kazini na wenzako. Jioni hukuwepo ukumbini. Ningeandika nini?

Sikuandikii tugombane. Kuna njia. Ukiandika mstari mmoja tu kwamba unakubali jina lako lirudi, unahesabiwa. Huhitaji kuja wala kufanya lolote. Nimeshapata wawili: binamu wa Mama Dawa, na mzee mmoja fundi bomba ambaye siku hizi hatoki kitandani. Wewe utakuwa wa tatu. Wa nne nitamtafuta. Ni jina tu, Fundi.

Salamu zako za mzee nimezipokea. Redio siku hizi haiwaki.

Katibu


Jumapili, 6 Aprili

Katibu,

Jina tu. Haya.

Leo binti yangu ametoka na nyumba ni yangu, basi nikuandikie mara moja, tusirudi tena hapa.

Unasema uliniona hospitalini. Ni kweli. Asubuhi ile nilivaa shati la chama kwa sababu ilikuwa Alhamisi, nikafungua duka. Saa nne wakanipigia kutoka shule ya chekechea alikokuwa akifundisha mwanangu mkubwa. Alianguka darasani mbele ya watoto. Nikatoka na futi shingoni, duka sikufunga. Nilipofika wameshamwingiza, wamevuta pazia, daktari akaniambia, "Mama, subiri hapo nje, tutakuita." Nikakaa kwenye benchi. Benchi letu, lenye kibao cha Zawadi ya Chama.

Saa nane mkaja na maboksi ya sabuni. Ulikuwa mbele na karatasi yako, unaweka alama. Nilikuona unakuja, nikasema moyoni, afadhali, rafiki yangu huyo. Ukafika mbele yangu, ukatazama shati, ukaniwekea boksi mapajani. Ukasema, "Umeshafika? Vizuri. Wodi ya nne bado, malizia tufunge." Ukaweka alama, ukapita.

Nikasimama.

Wewe hujui, na mimi sijui, kwa nini nilisimama. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwepo. Lakini nilikuwa nimekaa pale muda wa saa tatu na zaidi, mwili umeshakufa ganzi, mtu akiniambia kaa nakaa, akiniambia simama nasimama. Miguu ikanipeleka wodi ya nne. Vitanda ishirini na viwili. Nilimpa kila mmoja sabuni yake, nikamwambia ugua pole. Bibi mmoja akaniomba nimfungulie karatasi, nikamfungulia.

Niliporudi pazia lilikuwa wazi. Nesi akanitazama shati akasema, "Ninyi watu wa sabuni, mama wa mgonjwa huyu mmemwona? Tumemtafuta, alikuwa anamwita."

Nikamwambia ni mimi.

Sikulia, Katibu. Usiku ule tukasafiri naye kuja huku, tukamzika huku, na sikurudi. Kwenye boksi ilibaki sabuni moja. Ninayo hadi leo kabatini, haina hata harufu tena.

Na jioni hiyohiyo wewe ukakaa ukumbini ukaandika kwamba nimekosa bila udhuru.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo yenyewe niliishona kwa mkono wangu.

Hilo ndilo jibu la swali la nne. Ulisema nafasi ni ndogo, ona utakavyolikunja.

Jina langu sitoi.

Fundi


Jumanne, 22 Aprili

Dada,

Nimechelewa kujibu. Nimeandika barua hii mara nyingi kwa mashine, leo nimeona niandike kwa mkono.

Nakumbuka. Nilikuwa na orodha ya wodi na orodha ya wagawaji, na wagawaji tulikuwa tumepungua mmoja. Nikaona shati kwenye benchi. Uso sikuutazama. Nilipokwambia "umeshafika" sikuwa namwambia mtu, nilikuwa najaza nafasi. Nilipoweka alama nikafurahi kwamba orodha imetimia. Hayo ndiyo niliyoyafanya, na sitayapamba.

Najua hapa ndipo mtu anapaswa kusema jinsi anavyoumia. Nimejaribu kusikiliza kama naumia. Dada, sisikii kitu. Si wewe tu, ni kila kitu, tangu mwezi wa kumi na moja.

Mzee wangu alifariki Jumatatu, tarehe 11 Novemba, saa moja jioni. Alikuwa kwenye kiti chake na redio inasoma habari. Nilikuwa namenya viazi, nikamwambia apunguze sauti. Nikamwambia tena. Nikaenda kupunguza mwenyewe.

Tulimzika Jumatano. Wanachama walikuja, wakasimama mstari mmoja na mashati yao, wakarudi. Alhamisi nikaenda kwenye kikao. Wapi pengine ningekwenda? Shati lilikuwa limepigwa pasi. Nilifungua daftari nikaandika. Nimekunakilia hapa, uone:

"7. Mengineyo. (a) Benchi za kliniki zipakwe rangi kabla ya mvua. (b) Wajumbe walimpa pole Katibu. (c) Ufunguo wa choo umepotea, Mama Dawa atafuatilia."

Nimeandika kwa mwandiko mzuri sana.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga kwangu, na siwalaumu. Kamati humtembelea aliyekosa kwa udhuru. Mimi sijakosa. Kila Alhamisi wananiona nimevaa shati, nimenyooka, naita majina, wanasema Katibu ana moyo wa chuma. Nikirudi nyumbani nakaa kwenye kiti cha jikoni mpaka Alhamisi nyingine. Sijalia hata siku moja. Suruali ya kaki ipo kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikikosa la kufanya nainingʼiniza upya.

Uliponiandikia nimsalimie, sikujua niandike nini. Ndiyo maana nikaandika kuhusu redio.

Majina mawili yale nimeyafuta. Yule binamu yake Mama Dawa hata hajui chama kinafanya nini. Fundi bomba niliposimama kitandani kwake na karatasi ya kutia sahihi, alinitazama tu, na nikaona namna ninavyosimama.

Sikuombi jina. Nakuomba msamaha, ingawa naomba kwa mdomo mkavu.

Katibu


Jumatano, 30 Aprili

Mdogo wangu,

Miezi mitano. Miezi mitano na ushei mtu anakaa na msiba kama mkoba, anaingia nao kikaoni, anatoka nao, na mimi huku namtumia marehemu salamu za suruali. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila wewe umeficha na kifo chenyewe. Nimekukasirikia kuliko nilivyokukasirikia kwa ile sabuni, na ile nilikukasirikia miaka kumi na moja.

Mzee alikuwa mtu mzuri. Ndiye mteja pekee aliyekuwa akija kujaribisha nguo na kuniuliza kama nimekula. Nimelia kwa ajili yake leo, nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Nimelia na sehemu yako, usiwe na wasiwasi, itakuja.

Mimi ganzi yangu ilikaa miaka miwili. Ilianza kutoka siku moja nilipojichoma sindano nikasikia. Usiilazimishe. Ila usiipigie pasi.

Msamaha wako nimeupokea, nimeuweka kabatini na ile sabuni. Nikiwa tayari nitakwambia.

Sasa nisikilize. Umenishikia kanuni ya nane barua nzima. Aliyetoa udhuru hutembelewa. Sasa wewe udhuru wako uko wapi? Au kanuni ni ya mafundi cherehani peke yao? Kata karatasi, mwanamke. Andika umefiwa. Vua hilo shati Alhamisi moja uone nani atakufuata.

Dada yako,
Fundi


Jumatano, 7 Mei

Kwa Mwenyekiti,

YAH: UDHURU

Naomba udhuru wa kikao cha kesho, Alhamisi, 8 Mei. Sababu: nimefiwa na mume wangu.

Najua ulikuwepo tulipomzika. Mimi ndiyo kwanza naandika.

Nimeambatisha daftari, kalamu na ajenda. Kwenye kipengele cha kuthibitisha kumbukumbu naomba kikao kirekebishe pia zile za tarehe 12 Juni, miaka kumi na moja iliyopita. Nimeambatisha barua ya Fundi, kwa ruhusa yake niliyoiomba kwa simu ya jirani yake. Isomwe yote, isifupishwe.

Ufunguo wa choo uko kwenye kopo la chaki.

Katibu


Ijumaa, 23 Mei

Kwa Katibu wa Tawi,

Fomu yenu ya mwisho tumeipokea. Mmejaza wanachama wanane, hivyo hamkufikisha idadi. Alama zenu zimeshuka hadi 34. Tunasikitika kuwaarifu kwamba hati ya usajili irudishwe kwa posta ya rejista kabla ya tarehe 31 Mei, pamoja na muhuri.

Sehemu ya "Udhaifu wa Tawi" sasa mmeandika: "Tunatazama mashati." Hatukuelewa, ila tumeiacha kama ilivyo.

Maelezo ya mwanachama wa zamani katika sehemu ya nne yamezidi nafasi iliyotolewa. Ili yaingie kwenye jedwali tumeandika: "Sababu za kifamilia."

Tunawashukuru kwa miaka yenu ya huduma.

Afisa wa Uanachama
Makao Makuu


Alhamisi, 29 Mei

Dada,

Asubuhi nimepeleka hati na muhuri posta. Karani aliuliza kama kuna kitu cha thamani ndani. Nikamwambia hapana.

Sasa nikueleze ya tarehe 8, na ya tarehe 15.

Tarehe 8 nilikaa nyumbani. Ilipofika saa kumi na moja miguu ikataka kwenda, nikaishikilia. Nilivaa gauni la kijivu ulilonishonea. Hakuna aliyekuja, kwa sababu kanuni inasema Alhamisi inayofuata. Dereva ni mtu wa kanuni kama mimi.

Tarehe 15 nikasikia vishindo barabarani. Nikachungulia. Walikuwa saba, kila mmoja na kiti cha plastiki cha ukumbini kichwani, wameongozana. Jirani akauliza kama nahama. Hakuna aliyevaa shati. Mama Dawa bila shati nilimfahamu kwa sauti tu.

Wakaweka viti sebuleni. Hakuna aliyejua pa kuanzia, maana siku zote anayefungua kikao ni mimi. Tukakaa. Dereva akaiona redio juu ya kabati, akaigeuza, akasema, "Hii si mbovu, Katibu, betri zimekufa." Akatoa za tochi yake akaweka. Ikalia kwa sauti ileile aliyoiacha mzee. Taarifa ya habari.

Nikasema izimwe. Akazima. Nikasema iwashwe. Akawasha, wala hakuniuliza nataka lipi.

Sikulia, usije ukadhani. Ila nilisikia baridi miguuni, na nikajua ni baridi. Mama Dawa akaniuliza mzee alikuwa akisema nini siku zile za mwisho. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikazungumza mpaka wakawasha taa. Niliwaambia kwamba neno la mwisho nililomwambia lilikuwa "punguza". Nilikuwa sijamwambia mtu hilo. Inaniuma, dada. Naandika neno hilo na nalisikia.

Kabla ya kuondoka Dereva akanirudishia daftari. Ndiye aliyeandika kumbukumbu za tarehe 8. Anaandika kama alivyokuwa akiendesha, anapanda juu ya mstari na kushuka kokote. Wakati wa kusoma barua yako, anasema, walisimama, na hakuna aliyewaambia wasimame. Nakunakilia neno kwa neno:

"Kumbukumbu za 12 Juni zimerekebishwa. Palipoandikwa bila udhuru pasomeke kwa udhuru. Waliokosa kwa udhuru na bado hawajatembelewa: 2. Fundi, amefiwa na mwanawe. Katibu, amefiwa na mumewe. Kamati iende kwa wote wawili."

Kwa kanuni ya nane mtu hutembelewa Alhamisi inayofuata. Wewe tumekuchelewesha miaka kumi na moja. Tumekubaliana iwe Alhamisi, 12 Juni. Chama hakipo tena kwa karatasi, hati iko posta. Tumeulizana kama kamati ya chama kilichofungwa ina mamlaka ya kwenda. Mama Dawa akasema hilo liingie kwenye mengineyo.

Tutakuja wanane. Hatutavaa mashati, na sabuni hatuleti. Ukiona hutaki, nijulishe, hatutakuja.

Mdogo wako


Ijumaa, 6 Juni

Mdogo wangu,

Viti vyenu viacheni hukohuko, msije mkateswa na makondakta. Hapa vipo vinne, na kitanda, na ndoo yangu. Dereva mwambieni njia ya huku ina mashimo, aje kama abiria, asimfundishe mtu kazi.

Mkifika msiniulize chama kitakuwaje. Niulizeni mwanangu alikuwa nani. Alikuwa anachekesha, ninyi hamkuwahi kumjua. Nimeshaanza kupanga nitakachosema na kila nikianza nasahau, basi mtavumilia.

Lile swali la tano nililoliruka, nini kingenirudisha. Usiniletee fomu, nitakujibu ukiwa umekaa.

Nilipanga ukifika ukae mahali fulani, nikabadilisha, nikapanga tena. Kaa popote. Ila ukae ukinitazama, na kalamu iache nyumbani.

Fundi